Go, went, gone: tunawakaririsha watoto nini?

Likizo iliyopita nilikuwa Tanga kwa dada yangu. Usiku, baada ya kula, binti yake aliye kidato cha kwanza alitandika mkeka barazani chini ya taa, akaweka kaunta buku mapajani, akafumba macho na kuanza: "Give, gave, given. Go, went, gone. Grow, grew, grown. Hang, hung, hung. Have, had, had." Kila mstari ukiisha, kidole kinagonga sakafu. Shule ikifunguliwa kuna jaribio la vitenzi 60, na wanafunzi walishaambiwa kwamba kila kosa lina fimbo yake. Saa nzima ikapita hivyo. Mwishowe akafunga daftari na kuniambia, "Mjomba, nimevishika vyote."

Nikamsifu, maana kweli alikuwa kavishika. Kisha nikamwomba aniandikie kwa Kiingereza sentensi mbili tu: "Baba amekwenda kazini" na "Jana sikwenda sokoni." Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, bila kusita: "Father is go to work." Chini yake: "Yesterday I did not went to market." Neno "gone" lilikuwa limemtoka mdomoni dakika chache tu nyuma, tena kwa sauti, na bado halikuja lilipohitajika. "Went" nayo ikaja pasipo pake.

Mimi nilisoma hivyohivyo, na nadhani wengi mnaosoma makala haya mlisoma hivyohivyo. Nimekaa kwenye vikao ambamo mtu mwenye hoja nzito amenyamaza mpaka kikao kikaisha, kwa kuogopa tu asije akasema "have went" watu wakamcheka. Miaka yote ile ya kukariri haikumpa ujasiri wa kufungua mdomo. Kwa hiyo jambo hili linanigusa, na nalisema kwa uzito wake: tatizo haliko kwa mtoto, wala haliko kwa Kiingereza. Liko kwenye ile orodha na namna tunavyoitumia. Imepangwa kwa alfabeti kama kamusi, na mpangilio huo unawatenga vitenzi ambavyo ni ndugu wa damu. Halafu inamtaka mtoto ataje maumbo matatu bila kumwambia kila umbo linafanya kazi gani, hasa lile la tatu, ambalo ndilo atakalokutana nalo kila siku katika vitabu vya baiolojia, jiografia na fizikia.

Niondoe kwanza lawama tuliyoizoea, kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na mpango, imejiokotea tu. Chukua sing, sang, sung. Chukua drink, drank, drunk. Sasa sikiliza Mjerumani anavyosema vitenzi hivyohivyo: singen, sang, gesungen, trinken, trank, getrunken. Irabu zinabadilika kwa namna ileile. Haikutokea kwa bahati. Lugha hizi mbili zimetoka kwa mama mmoja, na mchezo huo wa kubadili irabu ndani ya neno ulikuwepo tangu kabla ya Waanglia na Wasaksoni kuvuka bahari kwenda Uingereza katika karne ya 5. Katika Kiingereza chao cha kale, wataalamu huvigawa vitenzi vya aina hiyo katika makundi 7, kila kundi na mwendo wake wa irabu. Aliyejua kundi alijua umbo.

Wazee hao walikuwa na jambo jingine ambalo orodha zetu hazilisemi. Wakati uliopita ulikuwa na irabu moja kwa umoja na nyingine kwa wingi: mtu mmoja aliimba, "sang", wengi waliimba, "sungon". Baadaye lugha ikachoka kubeba yote mawili ikabakiza moja, na kila kitenzi kikachagua upande wake. "Sing" ikabaki na irabu ya umoja. "Win" na "find" zikabaki na ya wingi, ndiyo maana tuna won, won na found, found, safu ya pili na ya tatu zikifanana. Mabaki ya desturi ile leo ni kitenzi kimoja tu: "was" kwa mmoja, "were" kwa wengi. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini kitenzi hiki peke yake kina maumbo mawili ya wakati uliopita anauliza swali la maana sana, na jibu lake lipo.

Kuna ukoo wa pili ambao hauna irabu za kucheza nazo. Huu hupachika sauti ya d au t mwishoni, na ndio uliozaa ile "-ed" tunayoiita kanuni. Humo mna vitenzi vingi tunavyowaambia watoto kwamba havina kanuni wakati vinayo. Sleep, slept. Keep, kept. Weep, wept. Zamani irabu ya "sleep" ilikuwa ndefu. Ilipofuatwa na konsonanti mbili, p na t, ikafupishwa. Karne chache baadaye irabu ndefu za Kiingereza zikahama matamshi, irabu fupi zikabaki zilipokuwa. Kwa hiyo umbo "slept" ni jamaa wa "-ed" kabisa, ila sauti zilimpitia.

Na zile zinazotutisha kuliko zote, thought, brought, sought, bought, taught? Ile "gh" ambayo leo haitamkwi ilikuwa ikitamkwa, na msomaji wa pwani anaweza kuitamka vizuri kuliko Mwingereza wa leo: ni "kh" ya sabalkheri. Sauti ya k ya "think" na "seek" ilipokutana na t iligeuka kh, na waandishi wakaishika kwa herufi gh. Sauti imekufa, maandishi yamebaki kama kaburi lake. Wakaingia hata wageni. "Catch" ilitoka kwa Wafaransa, na kwa desturi neno la kigeni hupewa "-ed". Lakini wenyeji waliifananisha na kitenzi chao wenyewe, "latch", kilichokuwa na umbo la aina hiyo, wakaipa "caught". "Take" na "took" waliletwa na watu wa Skandinavia waliofika kwa merikebu, nao wakapokelewa ndani ya ukoo wa irabu.

Kanuni ya "-ed" imekuwa ikila eneo la wazee hao taratibu. "Help" ilikuwa na umbo la tatu "holpen", na anayefungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 atalikuta humo, katika Luka 1:54, kwenye wimbo wa Mariamu. Leo ni "helped", basi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature hesabu waliyoifanya kuhusu vitenzi 177 vilivyokuwa na maumbo yasiyofuata "-ed" katika Kiingereza cha kale. Kufikia Kiingereza cha enzi za kati vilikuwa vimebaki 145, na leo 98. Wakakuta pia kwamba kinachoamua nani abaki na nani asalimu amri ni mara ngapi neno linatumika. Kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu ya kingine husalimu amri mara 10 upesi zaidi. Vitenzi 10 vinavyotumika kuliko vyote katika Kiingereza, vikiwemo be, have, do, go, say, see, take na get, vyote havifuati "-ed". Midomo ya watu huvirudia kila siku, na kila mtoto huvisikia kabla hajazijua kanuni, kwa hiyo havipati nafasi ya kusahaulika.

Sisi tunalijua jambo hili nyumbani kwetu. Kiswahili tunakisifu kwa utaratibu: amri ya kusoma ni soma, ya kupika ni pika, ya kufunga ni funga. Lakini ya kuja ni njoo. Ya kwenda ni nenda. Ya kuleta ni lete. Angalia vimeangukia wapi: kuja, kwenda na kuleta, vitenzi ambavyo mama humwambia mtoto tangu hajaanza kutembea. Hakuna mtoto wa Tanga au Zanzibar aliyekaririshwa njoo ubaoni.

Tena mchezo wa irabu nao si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Kabla "-me-" haijatawala, washairi wa Lamu na Mombasa walikuwa na umbo la zamani lililogeuza neno lenyewe. "Alele" maana yake amelala. "Niwene" ni nimeona. "Simeme" ni kusimama kwa aliyekwisha simama. Lala, lele, simama, simeme. Asili yake ni tofauti kabisa na ya Kiingereza, lakini sikio linalopokea lala na lele halina sababu ya kushtushwa na sing na sang. Jirani zetu hawajaliacha hata leo. Mganda hufanya kazi kwa kukola, akimaliza husema "nkoze". Huona kwa kulaba, akishaona husema "ndabye". Mnyarwanda hugeuza gukora kuwa "yakoze" na gukunda kuwa "yakunze". Mwalimu aliye na watoto wanaozungumza lugha hizi nyumbani ana hazina darasani, na sijui ni wangapi wamewahi kuitumia.

Sasa nije kwenye ugumu wetu halisi, ambao vitabu vilivyoandikwa Ulaya haviwezi kuujua. Ni sikio. Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza kina nyingi zaidi ya hapo. Irabu ya "sang" na irabu ya "sung" kwa Mwingereza ni mbili tofauti. Kwa Mswahili zote zinaangukia kwenye a. Jaribu mwenyewe: ran na run, swam na swum, drank na drunk, began na begun. Mwalimu anayezitamka kwa ulimi wetu wa kawaida, kama wengi wetu tunavyozitamka, anatoa sauti moja kwa safu ya pili na ya tatu. Mtoto aliyefumba macho akiimba "swim, swam, swum" anasikia "swim, swam, swam". Siku ya mtihani anatakiwa aandike tofauti ambayo masikio yake hayakuwahi kuipokea. Anaandika "I have swam", anachapwa, na hajui kosa liko wapi.

Na hata "-ed" yenyewe, tunayoiita rahisi, si rahisi kwetu. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu. Kiingereza kinatutaka tumalize "asked" kwa konsonanti tatu zilizobanana, s, k na t. Ama tunaongeza silabi, "askedi", ama tunaimeza t yote, likabaki "ask". Hakuna anayetuambia kwamba "-ed" ina sauti tatu: ni t katika "worked", ni d katika "played", na ni silabi kamili pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia na t au d, kama "wanted" na "needed". Hilo ni somo la dakika 20 ubaoni. Nimesoma Kiingereza shuleni miaka mingi na sikulipata hata siku moja; nililijua nikiwa mtu mzima.

Turudi kwa binti na ile "did not went". Lile si kosa la uvivu, linafuata mantiki ya Kiswahili. Katika lugha yetu wakati na ukanushi hukaa ndani ya kitenzi kilekile: nilikwenda, sikwenda, hukwenda, je, ulikwenda? Kitenzi hakiachwi uchi. Mtoto anayejua kwamba habari ni ya jana anaona lazima kitenzi kionyeshe jana, na anaandika "went". Hajaambiwa kwamba Kiingereza, kikikanusha au kikiuliza, huutoa wakati ndani ya kitenzi na kuubebesha msaidizi. "Did" ikishabeba jana, kitenzi kinarudi umbo lake la kwanza, kwa sababu mzigo haubebwi mara mbili. Sentensi hiyo moja, ikifafanuliwa kwa Kiswahili na kufanyiwa mazoezi wiki mbili, ingefuta kosa ambalo nimeliona kwenye barua za kuomba kazi za watu wenye digrii.

"Father is go" ni hadithi nyingine, na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Safu ya tatu inafundishwa kama mkia wa orodha. Jina lake la darasani, "past participle", linautaja wakati uliopita, na jina hilo limewapotosha wengi, kwani umbo hilo peke yake halisemi wakati wowote. Barua iliandikwa: "was written". Itaandikwa kesho: "will be written". Umbo ni lilelile, "written", jana na kesho. Wakati unasemwa na msaidizi aliyetangulia. Kazi ya umbo la tatu ni kusema kwamba jambo limetimia, au kwamba kitu kimetendwa.

Na sisi tuna kioo chake tayari. "Alikuwa amekwenda" ni "had gone". "Atakuwa amekwenda" ni "will have gone". Tazama zinavyosimama: kuwa inabeba wakati, "-me-" inabeba kutimia. Mtoto wa Kiswahili anayajua hayo tangu ana miaka 3. Angeambiwa kwamba "gone" ni ile "-me-" yake ya nyumbani, angekuwa na mahali pa kuiweka kichwani. Kioo chenyewe kina nyufa, na mwalimu mwaminifu atazionyesha. Kwetu mtu husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshangaa, ilhali Kiingereza hakikubali "have seen" ikae na "yesterday". Amesimama, kwa Kiingereza, ni "is standing", hali aliyo nayo sasa, na amechoka ni "is tired". Nadhani "Father is go" ilizaliwa humo: binti aliona kwenda kwa baba kama hali, akatafuta "is". Akili yake ilikuwa ikifanya kazi kubwa kuliko ile orodha.

Kwa nini nasisitiza sana umbo hili? Fungua kitabu chochote cha sayansi cha kidato cha kwanza. Kwa Tanzania, mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali amesoma miaka yote kwa Kiswahili, na ghafla baiolojia inakuja kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza tu unamwambia kitu "is made of", kingine "is found in", kingine "is known as". Chakula "is broken down". Joto "is given off". Damu, maji, hewa, vyote vinatendwa, kwa kuwa ndivyo sayansi inavyoandikwa. Kisha mtihani: "as shown below", "given that", na swali ambalo kila mmoja wetu amelikuta kwenye karatasi yake, "What is meant by". Hiyo "meant" ni umbo la tatu la "mean". Mtoto ameiimba usiku kucha, mean, meant, meant, na kesho yake anaisoma kwenye swali la jiografia bila kuitambua. Anakosa alama za jiografia kwa sababu ya sarufi ambayo tunadhani tulishamfundisha.

Najua kuna watakaosema dawa ni kufundisha sekondari kwa Kiswahili, na mjadala wa Kiingereza uishe. Mimi nami ningefurahi kuona baiolojia inafundishwa kwa lugha ambayo mtoto anaiota ndotoni. Lakini binti wa dada yangu ana mtihani wa kidato cha nne mbele yake, kwa Kiingereza, na hawezi kusubiri sera.

Jambo jingine linaloniuma ni kalamu nyekundu. Niliwahi kushika daftari la mtoto mwingine, shule siitaji, ambamo "learned" ilikuwa imekatwa na kuandikwa "learnt" juu yake. Yote mawili ni sahihi. Waingereza huandika learnt, burnt, spelt na dreamt mara nyingi, Wamarekani hupenda learned, burned, spelled na dreamed, na vitabu vyetu vimefuata Uingereza kwa sababu ya historia. Ndivyo ilivyo kwa "gotten". Walowezi wa karne ya 17 waliondoka nayo Uingereza wakaifikisha Marekani, ikaishi kule. Uingereza wakaiacha, ila imebaki ndani ya "forgotten". Mtoto anayesikia "gotten" kwenye filamu hajasikia kosa. Anayekata sahihi na kuandika sahihi nyingine anamfundisha mtoto kwamba Kiingereza ni kubahatisha.

Na makosa mengine yanastahili heshima. Mtoto anayesema "goed" au "bringed" ameshika kanuni na anaitumia pale ambapo hajaambiwa vinginevyo. Watoto wa Waingereza na Wamarekani husema hivyohivyo wakiwa wadogo. Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko, huko Marekani, aliwapa watoto vitenzi vya kubuni ambavyo hawakuwahi kuvisikia, na wengi wakavipachikia "-ed" bila shida. Alipowapa watu wazima kitenzi cha kubuni "gling", wengi wao walijibu "glang" au "glung". Hawakuwa wamekikariri popote. Waliusikia ukoo wa sing na ring wakaujua mwendo wake. Hicho ndicho kitu ambacho orodha ya alfabeti inamnyima mtoto wetu: mwendo wa ukoo.

Kukariri sikupingi. Sisi ni watu wa kukariri; madrasa imetulea hivyo, na jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma ya daftari tumelishika kwa wimbo. Wimbo unasaidia. Ninachotaka ni wimbo uimbwe kwa koo. Wiki hii tuimbe write, wrote, written, na drive, na ride, na rise, tusikie irabu zinavyokwenda pamoja. Wiki ijayo know, knew, known, pamoja na grow, throw na blow. Siku moja inatosha kwa cut, put, hit, shut na hurt, zisizobadilika kabisa, kwa kuwa t ya mwisho ilimezana na t ya kitenzi. Na tuanze na vinavyotumika zaidi. Mtoto wa kidato cha kwanza ana haja gani na "forsake" na "slay" kabla hajaishika "taken"? Pia wimbo huu usiimbwe macho yakiwa yamefungwa. Kwa sikio letu la irabu 5, sang na sung lazima zionekane kwa macho kwanza, mdomo ufundishwe kuzitenganisha baadaye. Na kila umbo la tatu liingie darasani likiwa ndani ya sentensi, limeshikana mkono na "has" au "is", lisije peke yake.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika ataniambia kwamba hana muda. Ninamwelewa, na fimbo nayo inatumia muda.

Siku ya pili pale Tanga tulikata karatasi za manila, binti na mimi, tukaandika kitenzi kimoja kila kipande, maumbo matatu. Nikamwambia asahau alfabeti, apange kwa mlio. Alikaa mkekani kama saa moja, vipande vimetapakaa hadi mlangoni, mama yake akipita kwa kuviruka. Akamaliza safu ya sing, akaiita ya "i, a, u": sing, ring, drink, sink, swim, begin. Chini yake akaweka think na bring, kwa kuwa moja inafanana na drink na nyingine inafanana na ring. Sikusema kitu. Akaanza kusoma safu yote kwa sauti, kidole kikishuka kipande kwa kipande. Alipofika kwenye think akasimama.

"Mjomba, hizi mbili si za hapa."

"Ni za wapi?"

Akatazama mkeka mzima, akavuta think kwa kidole mpaka kwa buy na teach, akarudi kuichukua bring, na kabla hajaiweka chini akaniuliza kama ile "gh" niliyomsimulia jana yake ilikuwamo na humu.